Saa ya Isevya

Imekuja kwa guta, imelazwa chali kama mgonjwa,
shuka la maua juu yake, miguu nje.
Vijana wawili wakaisimamisha mbele ya kibanda changu
na papo hapo nikawa mfupi.

Mimi ni fundi simu, mama.
Nabadili vioo, nachomelea chaji.
Akasema: Saa ni saa. Hii imetengenezwa hapahapa Tabora
na baba yangu, Kiyungi, seremala wa karakana ya reli,
na tangu ujana wangu haijasema kweli.
Kila aliyekuja kwetu alijua kuijumlishia.

Nirekebishie.

Akaketi juu ya ndoo ya rangi, mkoba mapajani.

Mninga, wekundu wake umekolea
kama chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni.
Hakuna msumari hata mmoja, ubao umeuma ubao.
Mawe yake ni vipande viwili vya reli
vilivyokatwa kwa msumeno wa mkono; ukivinusa, grisi bado ipo.
Magurudumu aliyachonga kwa tupa, jino kwa jino.
La thelathini na saba limekwenda upande,
huenda ndipo alipoitwa kula.

Na uso! Kiyungi hakuukubali ule utumwa
wa mkono kugusa moja na mdomo kusema saba.
Sita ameiweka juu kabisa, jua la utosi,
kumi na mbili chini, mlangoni mwa kucha na kuchwa.
Mkuu wa stesheni aliikataa, anasimulia mama:
abiria wangu watapotea, Kiyungi.
Ikarudi Isevya kwa mkokoteni.

Nikafungua mlango wake mrefu kuutafuta ugonjwa.
Ndani, kwa penseli, mwandiko wa mtu wa vipimo:

Jumatatu, nimeijaza. Mvua. Mbao zimevimba, inavuta miguu.
Jumatatu, nimeijaza. Kalunde ameuliza inakula nini.
Jumatatu, nimeijaza. Iko sawa na king'ora cha karakana.

Mistari juu ya mistari, miaka, mpaka usawa wa goti langu.
Kisha, siku isiyo Jumatatu:

Kesho Kalunde anaondoka na garimoshi la Mpanda.
Nimeirudisha nyuma dakika nne.

Na chini yake, penseli imekuwa butu:

Ameliwahi.

Basi. Ubao uliobaki hauna neno.

Kalunde ni nani, mama? Niliuliza huku najua.
Ni mimi. Kwani vipi?
Nikasogea pembeni.

Alivua miwani, akaifuta kwa kanga, akaivaa, akaivua tena.
Kidole kikapita juu ya herufi bila kuzigusa.
Nilikimbia, akasema.
Kutoka nyumbani hadi stesheni, kiatu kimoja mkononi,
sanduku likinipiga goti.
Nikadaka chuma cha behewa la mwisho,
nikamtukana moyoni, yeye na saa yake.
Miaka mitatu sikumwandikia barua.

Muuza karanga akapita akigonga kopo lake.
Hakuna aliyenunua.

Akaufunga mlango wa saa mwenyewe,
akalijaribu komeo mara mbili.

Jino lile la upande sikulinyoosha.
Nilipuliza vumbi, nikatia tone la mafuta,
nikavuta minyororo, nikalisukuma timazi kwa kidole,
likasitasita kama mtu aliyeamshwa na wageni,
halafu likakumbuka.

Tuiweke saa ngapi? akauliza.

Mezani kwangu palikuwa na simu kumi na moja,
zote zikisema saa tano na dakika nne.

Nikamwambia: saa tano kamili.